Zima Antivairasi Kwanza

Wiki ya mwisho ya Juni, foleni ya saiba hapa Mwiki hutoka nje ya mlango na kufika kwa mama wa mahindi choma. Wengi wamekuja kufaili ritani za KRA kabla ya tarehe 30. Kuna kijana wa HELB, kuna mama ameshika picha za pasipoti za mtoto anayehamia shule mpya, kuna jamaa wa bodaboda anayetafuta cheti cha tabia njema. Kila mmoja anampa mtu wa saiba kitambulisho chake, namba yake ya simu, pasiwadi yake ya iTax, na mara nyingi pasiwadi ya barua pepe pia, maana barua pepe yenyewe ilifunguliwa hapa hapa mwaka juzi na mwenyewe haikumbuki. Juu ya skrini inayopokea yote hayo kuna utepe mwekundu unaosema kwamba Office hii haijaamilishwa.

Hakuna anayeusoma. Tumeuzoea vile tulivyozoea mashimo ya barabara ya Kasarani–Mwiki.

Mwiki ni jina moja lenye kaunti mbili. Ukishuka 17B upande wa Kasarani, uko Nairobi. Ukivuka kuja huku kwetu, uko eneobunge la Ruiru, Kiambu. Pande zote mbili ni magorofa ya kupanga, geti, soja wa usiku, na chini kabisa, kando ya Mpesa na kinyozi, saiba. Hapo ndipo serikali inapokutana na watu wake, kwa shilingi kumi ya kuprinti.

Mimi pia nimewahi kulipia kraki. Laptopu yangu ya kwanza ilikuwa ex-UK, imechubuka kona moja, na baada ya wiki chache Word ikagoma kuandika. Fundi aliitazama sekunde mbili. "Mkubwa, hii Office imekufa. Nikuwekee ingine? Ni mia tano tu." Akachomeka flashi. Kwenye folda mlikuwa na faili mbili: programu yenyewe, na maandishi mafupi ya maelekezo. Mstari wa kwanza wa maelekezo ulisema uzime antivairasi kwanza. Akaizima. Dakika tatu baadaye utepe ulikuwa umepotea, nami nikaondoka nikijiona mjanja.

Nimerudi kuufikiria mstari ule mara nyingi. Ulitoka wapi? Nani alifaidika nao? Na zile pesa ambazo sikulipa, nani alizilipa?

Barua ya 1976

Ugomvi wenyewe ni mzee kuliko wengi wetu. Mwaka 1975 kompyuta ndogo iliyoitwa Altair ilianza kuuzwa Marekani, na vijana wawili, Bill Gates na Paul Allen, wakaiandikia programu ya lugha ya BASIC. Programu hiyo ilikuwa kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Wapenzi wa kompyuta walikuwa wakikutana kwenye vilabu vyao, kama kile cha Homebrew kule California, na utepe mmoja ulizaa mingine. Mtu alikuja na mmoja, wenzake wakaondoka na nakala.

Tarehe 3 Februari 1976 Gates aliandika barua ya wazi kwa wapenzi hao. Hoja yake ilikuwa rahisi: mashine mnanunua, lakini programu mnaiba, na aliyekesha akiiandika atakula nini? Alikuwa na miaka 20. Waliomjibu nao walikuwa na hoja. Walizoea kugawana, na hawakuona kilichopungua kwa mwenye mali pale nakala ilipoongezeka.

Hoja zote mbili ziko Mwiki hadi leo. Muulize mwandishi yeyote wa rika letu aliyekuta riwaya yake ikizunguka kwenye makundi ya WhatsApp kama PDF, atakwambia Gates alikuwa sahihi. Muulize mwanafunzi mwenye insha ya kuwasilisha kesho saa nne, atakwambia aondokewe na maneno mengi. Mara nyingi huyo ni mtu mmoja katika siku mbili tofauti.

Milimani, 2001

Miaka ya tisini kompyuta ziliingia Nairobi zikiwa za watu wachache: benki, mashirika, vyuo, wauzaji wa katikati ya jiji. Hapakuwa na haja ya kraki wakati huo, kwa sababu hapakuwa na kufuli la maana. Ulihitaji nambari ndefu iliyoandikwa nyuma ya kasha la CD, na nambari moja ilitosha mtaa mzima. Mnunuzi alipelekewa mashine ikiwa na Windows na Office tayari ndani, akaambiwa hiyo ni zawadi ya duka.

Microsoft ilipoamua kupigana, haikwenda kwa mnunuzi. Ilikwenda kwa wauzaji, katika Mahakama Kuu, kitengo cha biashara cha Milimani. Kesi inayokumbukwa zaidi ni ile ya Microsoft Corporation dhidi ya Mitsumi Computer Garage, ya 2001, mbele ya Jaji Aaron Ringera. Madai yalikuwa ya ukiukaji wa hakimiliki ya programu. Lakini ukiwasikia mawakili wa Kenya wakiitaja kesi hiyo leo, hawazungumzii programu kabisa. Wanaitaja kwa sababu ya uamuzi mdogo ndani yake kuhusu utaratibu: Ringera alisema kwamba kasoro za umbo la hati, ikiwa hazigusi mamlaka ya mahakama na hazimuumizi vibaya mpinzani, zisitumike kuua kesi. Sheria za utaratibu ni watumishi wa haki, na mtumishi hatakiwi kumtawala tajiri wake. Kwa hiyo jina la Microsoft linasomwa katika mahakama zetu karibu kila wiki, katika kesi za mashamba, mikopo na mirathi, na watu hawakumbuki tena ilikuja pale kudai nini.

Mwaka huo huo Bunge lilipitisha Sheria ya Hakimiliki ya 2001, iliyochukua nafasi ya ile ya 1966. Ndiyo iliyoleta Bodi ya Hakimiliki, KECOBO. Wapenzi wa fasihi wanafaa kuisoma angalau mara moja, kwa sababu ya orodha yake ya kazi za fasihi. Inaanza na riwaya, hadithi na mashairi, inapitia tamthilia, insha, kamusi, barua na mahubiri, kisha inafika kwenye programu za kompyuta. Zote ni kazi za fasihi, sheria inasema, bila kujali ubora wake wa kifasihi. Yaani mbele ya hakimu wa Kenya, Excel na riwaya ya kutahiniwa ni ndugu wa baba mmoja. Anayetoa fotokopi ya riwaya akaiuza barabarani na anayekraki Excel wamesimama kizimba kimoja.

Sheria hiyo iliona mbele pia. Kifungu cha 35 hakiishii kwenye kunakili. Kinamkamata anayekwepa kizuizi cha kiufundi kilichowekwa kulinda kazi, na anayetengeneza au kusambaza vifaa vilivyoundwa hasa kwa ajili ya kukwepa. Kraki ya Office haikuwa imefika mitaani kwetu bado. Kifungu chake kilikuwa kishaandikwa, kinaingoja.

Ofisi ya uwongo

Mwaka 2001 ndio ulioleta kufuli lenyewe. Office XP, na baadaye Windows XP iliyotoka tarehe 25 Oktoba mwaka huo, zilikuja na sharti jipya: ukishaweka programu, iwasiliane na Microsoft kwa intaneti au wewe upige simu, ndipo ikubali kuendelea. Huko ndiko kuamilisha.

Kampuni kubwa zililalamika. Nani atapiga simu mara elfu tatu kwa ajili ya kompyuta elfu tatu? Wakapewa ufunguo maalumu usiohitaji kuamilishwa. Ufunguo mmoja wa aina hiyo ulivuja hata kabla Windows XP haijaanza kuuzwa madukani, na kwa miaka kadhaa watu wa mabara yote waliukariri kama namba ya simu ya nyumbani.

Kwa hiyo Microsoft ikabadilisha mbinu. Kuanzia Windows Vista, na kwa upande wa Office kuanzia toleo la 2010, kampuni kubwa zilipewa njia inayoitwa KMS. Inafanya kazi hivi: ndani ya shirika kunakuwa na seva moja, na kompyuta zote za humo zinaiuliza hiyo badala ya kuiuliza Microsoft. Seva inahesabu. Ikiona kompyuta 25 kwa upande wa Windows, au 5 kwa upande wa Office, inaanza kutoa ruhusa. Ruhusa inadumu siku 180, na kompyuta inarudi kuomba tena kabla hazijaisha. Mfumo huu ulitengenezewa benki, wizara na vyuo vikuu.

Kraki nyingi za miaka hii zimejengwa juu ya mlango huo. Zinaiambia kompyuta yako moja, iliyo juu ya meza moja ya plastiki, kwamba iko ndani ya shirika kubwa, kuna wenzake kadhaa kwenye chumba cha pili, na seva yao imesema sawa. Seva yenyewe ni programu ndogo iliyojificha ndani ya mashine hiyo hiyo, au ni kompyuta ya mtu usiyemjua huko intaneti. Kwa kuwa ruhusa huisha, programu hiyo haiwezi kufanya kazi yake ikaenda zake. Inabaki, inaamka kila baada ya muda, inarudia uwongo wake.

Ukipenda, fikiria upangaji. Uliambiwa umenunua Office, lakini leseni ni kupanga: mwenye nyumba yupo, na masharti yake yapo. Kraki ni keretaka bandia anayekupa risiti kila mwezi, na anayelala ndani ya nyumba yako.

Ekseli ya serikali

Kama ingekuwa ni tamaa tu ya vitu vya bure, hadithi ingeishia hapo. Lakini kuna msukumo mwingine, nao ulitoka juu.

Mwaka 2009 nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa, na intaneti ikaacha kuwa ya hoteli na ubalozi. Saiba zikaongezeka mitaani. Miaka michache baadaye serikali ikahamia huko: iTax, eCitizen, maombi ya vyuo, mikopo ya masomo. Fomu ya ritani ya KRA ya mtu binafsi haikuwa ukurasa wa kujaza tu. Ilikuwa faili ya Excel, yenye programu ndogo ndani yake, na ilikudai uruhusu programu hizo ziendeshe ndipo ikutengenezee faili ya kupakia. Mwananchi asiye na Excel alikuwa na njia mbili: kutafuta mtu mwenye Excel, au kuwekewa.

Sasa piga hesabu upande wa mwenye saiba. Ana mashine nne za mitumba. Leseni halali ya Office kwa kila moja ingemla faida ya wiki nyingi za kuprinti, na mteja hatamlipa hata shilingi ya ziada kwa kuwa na leseni. Fundi yuko hapo mlangoni na flashi. Shirika la wauzaji wa programu, BSA, lilikadiria kwamba mwaka 2017 asilimia 74 ya programu zilizowekwa kwenye kompyuta za Kenya hazikuwa na leseni. Ni makadirio ya watu wenye maslahi, na tuyachukulie hivyo, lakini hakuna aliyepita saiba za Mwiki na Githurai atakayeshangaa.

Na mwenye mali? Mwaka 1998, akizungumza na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington, Gates aliulizwa kuhusu China, ambako programu zake zilikuwa zikinakiliwa kwa mamilioni. Jibu lake, kwa kifupi, lilikuwa kwamba maadam wataiba, afadhali waibe za kwetu. Watazoea, halafu siku moja tutajua namna ya kukusanya. Miaka 22 baada ya ile barua ya hasira, kijana wa 1976 alikuwa ameelewa kwamba nakala ya wizi nayo ni tangazo. Tangazo lilifanya kazi. Hapa kwetu "Word" ikawa jina la kuandika barua, na tangazo la kazi linadai ujuzi wa Office kabla halijauliza ulisomea nini.

Kwa hiyo kampuni ilipata watumiaji. Serikali ilipata ritani. Fundi alipata mia tano. Swali la pesa ambazo hazikulipwa bado halijajibiwa.

Soja aliyefukuzwa

Turudi kwenye mstari wa kwanza wa maelekezo.

Antivairasi ikiiona kraki ya KMS, hupiga kelele. Hata ile ya Windows yenyewe ina jina maalumu kwa kundi hilo na huiorodhesha kama chombo cha udukuzi. Inapiga kelele hata kama kraki hiyo haijabeba kitu kingine chochote. Ndiyo sababu maelekezo yanakwambia uizime, na ndiyo sababu fundi anasema kwa utulivu kabisa, "Hiyo usijali, ni kawaida."

Hapo ndipo hatari ilipo. Ikiwa kraki isiyo na sumu inapigiwa kelele, na kraki yenye sumu inapigiwa kelele ile ile, basi kelele haina maana tena. Fundi hawezi kutofautisha. Mimi siwezi. Aliyepakia faili kwenye tovuti alilijua hilo, na ndiyo biashara yake. Ni kama soja wa geti anayepiga filimbi kila mgeni akipita; wapangaji wanachoka, wanamfukuza, na usiku huo mwizi anaingia akitembea. Tena anaingia na funguo zote, maana kraki haiendi bila kupewa mamlaka ya msimamizi wa mashine.

Ushahidi upo. Desemba 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza jinsi nakala bandia za KMSPico, mojawapo ya kraki maarufu zaidi, zilivyokuwa zikibeba Cryptbot, programu inayokusanya pasiwadi zilizohifadhiwa kwenye kivinjari na pochi za sarafu za kidijitali. Februari 2025 watafiti wa EclecticIQ walionyesha kwamba kundi la Sandworm, linalohusishwa na ujasusi wa kijeshi wa Urusi, lilikuwa limetumia kraki za KMS zilizotiwa sumu kuingia kwenye kompyuta za Ukraine. Lilichagua njia hiyo kwa sababu huko nako programu zisizo na leseni zimejaa, hata ofisini. Mwishoni mwa mwaka huo huo polisi wa Korea Kusini walitangaza kukamatwa kwa raia wa Lithuania anayeshukiwa kusambaza kraki ya KMSAuto yenye sumu, iliyopakuliwa mara milioni 2.8 hivi duniani. Ile haikuiba pasiwadi. Ilingoja mtu anakili anwani ya kutuma pesa, halafu ikabandika anwani nyingine mahali pake. Fikiria unanakili namba ya tili, na unapobandika inatoka ya mtu mwingine.

Kuna hasara ya pili isiyohitaji mwizi. Mwenye Windows ya kraki huogopa masasisho, kwa sababu anaambiwa yataigundua. Anayazima. Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu kubwa katika Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huo WannaCry ikapita kwenye tundu hilo hilo, ikafunga mafaili ya kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi takriban 150, hospitali za umma za Uingereza zikiwemo, na kudai fidia. Dawa ilikuwa imekuwepo miezi miwili. Waliokuwa wamezima masasisho, kwa sababu yoyote ile, hawakuinywa.

Sasa rudi kwenye ile foleni ya Juni. Ni nini kilicho ndani ya mashine ya saiba? Folda iliyojaa vitambulisho vilivyoskaniwa, mbele na nyuma. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Barua za ajira zenye mshahara. Kivinjari kilichohifadhi pasiwadi za iTax za nusu ya mtaa. Mwenye saiba akiibiwa, atapoteza mashine. Mama wa picha za pasipoti atapoteza jina lake, na atajua siku atakapopigiwa simu kuhusu mkopo ambao hakuchukua. Mia tano haikufuta bei ya Office. Iliitoa kaunta na kuipeleka kwenye foleni, kwa watu ambao hawakuulizwa.

Nani anashikwa

Watu husema sheria haifiki Mwiki. Inafika, ila hufika ikimtafuta mtu mmoja mmoja.

Kwa Sheria ya Hakimiliki, anayekraki na anayeuza kraki wanakabiliwa na faini ya mamia ya maelfu ya shilingi, au jela, au vyote viwili. Wakaguzi wana mamlaka ya kuingia mahali pa biashara. Mwenye mali anaweza pia kuomba mahakamani amri ya Anton Piller, ambayo humruhusu kupekua bila kukutangulizia taarifa. Kampuni inaweza kuchagua kutokuja kwa miaka kumi. Siku ikija, utetezi wa "kila mtu anafanya" hauna kifungu.

Kisha kuna sheria ya pili, na kwa saiba hiyo ndiyo nzito zaidi siku hizi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema anayeshika taarifa za watu lazima azilinde, na zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru, amjulishe Kamishna ndani ya saa 72. Faini ya kiutawala inafika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, kiasi kilicho kidogo kati ya viwili hivyo. Usidhani ni ya benki peke yake: Septemba 2023 shule moja ya Uthiru ilitozwa shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Ukiulizwa ulivilindaje vitambulisho vya wateja, na ukweli ni kwamba uliizima antivairasi kwa mkono wako, utajibu nini?

Hatari ya tatu huzungumzwa kidogo, nayo inawahusu sana vijana wa kizazi chetu. Januari 2010, mjini Irkutsk, Urusi, polisi walivamia ofisi za kundi la mazingira liitwalo Baikal Environmental Wave, lililokuwa likipinga kufunguliwa tena kwa kiwanda cha karatasi kando ya Ziwa Baikal. Walichukua kompyuta zake. Sababu iliyotolewa ilikuwa programu za Microsoft zisizo na leseni. Kundi lilisema leseni zake zilikuwepo. The New York Times ilipoiandika habari hiyo Septemba mwaka huo, pamoja na nyingine za aina yake, Microsoft iliona aibu na ikatoa leseni ya bure ya jumla kwa mashirika ya kiraia na vyombo vidogo vya habari huko.

Funzo la Irkutsk ni kwamba kosa dogo ambalo kila mtu analo ni zawadi kwa mwenye nguvu. Haombi tena sababu ya kuchukua laptopu yako. Umempa mwenyewe, kwa mia tano. Katika nchi ambayo vijana wake wanaandaa mabango, hesabu za bajeti na orodha za waliopotea kwenye laptopu hizo hizo, hilo si jambo la kupuuza.

Ile nyingine

Kinachouma katika historia hii ni kwamba njia nyingine ilikuwepo, na iliongea Kiswahili.

Desemba 2004, Dar es Salaam, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakisaidiana na Waswidi, ulitoa Jambo OpenOffice: programu kamili ya ofisi, ya kuandika, ya hesabu na ya maonyesho, yenye menyu za Kiswahili, ya bure kihalali. Unaiweka, unainakili, unampa jirani, na hakuna hakimu wa kukuita. Watu walikaa chini wakatafuta maneno ya vitu ambavyo havikuwa na majina. Microsoft nayo ilileta toleo la Kiswahili la Office. Sisi mitaani tuliendelea na Kiingereza cha kraki.

OpenOffice ilizaa LibreOffice mwaka 2010, na hiyo ipo hadi leo, inafungua faili za Word na kuzihifadhi. Tena KRA wenyewe walikuwa wameweka, kando ya ile fomu ya Excel, fomu nyingine ya muundo wa ODS, kwa ajili ya watu wa LibreOffice. Ilikuwa pale pale kwenye ukurasa. Foleni nzima ilipita kando yake kila Juni.

Sitasema LibreOffice ni tamu kama Word. Kuna jedwali litahama, kuna fonti itabadilika, na mwalimu wako atauliza kwa nini kurasa zimeongezeka. Lakini barua ya kuomba kazi haihitaji zaidi ya hapo. Kuna Office ya bure ndani ya kivinjari, ya Microsoft wenyewe, kwa mwenye akaunti na bando. Na ile laptopu ya ex-UK mara nyingi imekuja na leseni halali ya Windows, imeandikwa ndani ya bodi yake kiwandani. Fundi akiifuta na kuweka Windows ya kraki, anakuibia kitu ulichokuwa nacho, halafu anakulipisha.

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye foleni tena. Mbele yangu alikuwa mzee wa kofia, amekuja na kitambulisho kwenye bahasha ya plastiki, amekikunja kwa uangalifu kama pesa ya karo. Alimpa kijana wa kaunta kwa mikono miwili. Kijana akakiweka kwenye skana, picha ikatokea kwenye skrini, chini ya ule utepe mwekundu.

"Mzee, subiri kidogo," kijana akasema. "Hii Office imeanza tena. Nairekebisha sasa hivi."

Akafungua dirisha la antivairasi. Mzee akasubiri, mikono nyuma.

Nikamuuliza kijana kama anaweza kumfutia mzee picha yake kwanza, kabla ya kurekebisha. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la ajabu, kisha akaifuta. Mzee hakujua tulichozungumza. Alirudishiwa kitambulisho, akakiangalia pande zote mbili, akakirudisha kwenye plastiki.